Karo ya Shilingi 16,000 Ilikwenda Wapi?

Chukua nyumba moja pale Mumias, magharibi mwa Kenya, yenye vijana wawili. Wa kwanza aliingia Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, mwaka 2022 kusomea ualimu. Mdogo wake akamfuata 2023: kozi ile ile, kumbi zile zile, wahadhiri wale wale. Barua ya mkubwa ilitaja karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka pamoja na ada ndogondogo. Barua ya mdogo ikataja gharama ya kozi inayozidi laki moja. Mzazi akiziweka barua hizo mbili mezani, jibu la haraka ni kwamba chuo kimepandisha bei. Lakini kumfundisha mdogo hakugharimu zaidi ya kumfundisha mkubwa. Kilichobadilika ni nani anaonyeshwa bili, na nani anatarajiwa kuilipa.

Kuna vitu viwili ambavyo mazungumzo ya sokoni huvichanganya. Kuna gharama ya kumsomesha mwanafunzi, yaani mishahara, maabara, vitabu, stima na paa la ukumbi. Kisha kuna karo, kile kipande cha gharama hiyo ambacho familia inaambiwa ilete. Kwa karibu miaka thelathini kipande hicho kilikuwa kidogo na hakikusogea. Gharama yenyewe ilikuwa ikipanda mwaka baada ya mwaka, ila mzazi hakuiona kwa sababu haikuandikwa kwenye barua yake.

Kizazi cha kwanza baada ya uhuru hakikulipa kitu. Serikali changa ilihitaji wahandisi, walimu na maafisa wa wilaya wa kushika nafasi zilizoachwa na Waingereza, hivyo ikawasomesha vijana, ikawalisha, ikawapa na pesa za mfukoni. Mwaka 1974 mikopo ikaanzishwa, lakini ukusanyaji wake ulikuwa legelege na wengi waliondoka nayo. Miaka ya 1980 vyuo vikaongezeka: Moi mwaka 1984, Kenyatta 1985, Egerton 1987. Wakati huo huo Benki ya Dunia ilikuwa ikizisukuma serikali za Afrika zibane matumizi na kuelekeza pesa za elimu kwenye shule za msingi. Mwaka 1991 sera ya kugawana gharama ikabisha hodi vyuoni. Wanafunzi wakaanza kudaiwa karo na kulipia chakula chao wenyewe, na migomo ikafuata.

Mwaka 1995 Bunge likaunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, na hesabu mpya ikapigwa. Kumsomesha mwanafunzi mmoja kwa mwaka kulikadiriwa kuwa shilingi 120,000. Serikali ingetoa 70,000, mwanafunzi angelipa karo ya 16,000, na 34,000 zilizobaki zilikuwa za malazi, chakula na vitabu, ambazo angeweza kuzikopa. Kwa wakati huo ilikuwa hesabu ya maana. Kasoro ni kwamba iliachwa pale pale. Bei ya unga ikapanda, mishahara ikapanda, kemikali za maabara zikapanda, ile 16,000 ikabaki kama ilivyo. Mwaka 2020 wakuu wa vyuo walipopendekeza ifike 48,000, wanafunzi wakapinga, wanasiasa wakawaunga mkono, na pendekezo likazikwa. Hakuna mwanasiasa aliyetaka kuwa yule aliyepandisha karo.

Basi vyuo viliishije miaka yote hiyo? Kwa mlango wa pembeni. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia, mpango ambao kila mtu aliuita parallel, na vyuo vingine vikafuata upesi. Aliyepata C+, alama ya chini kabisa inayoruhusu kuingia chuo kikuu, lakini akakosa nafasi ya serikali sasa aliweza kuingia, mradi baba ana shamba la kuuza au mama ana kikundi cha kumsimamia. Mfanyakazi wa benki akasoma jioni. Hapo ndipo kampasi zilipoanza kuota katikati ya miji ya Kisumu na Nakuru, juu ya maduka, chuo kimoja kikimtazama mwenzake dirishani. Pesa zilikuwa nyingi. Zikajenga majengo, zikaajiri wahadhiri, na zikaficha jambo moja: mgao wa serikali haukuwa ukitosha tena.

Kisha ukaja mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, wa 2016. Waziri wa Elimu wakati huo, Fred Matiang'i, aliziba mianya ya wizi wa mitihani, na matokeo yakaporomoka. Mwaka 2015 watahiniwa 169,492 walikuwa wamepata C+ na zaidi. Mwaka 2016 wakawa 88,929, na mwaka 2017 wakashuka hadi 70,073. Nafasi zilizokuwepo sasa zilimtosha kila aliyefuzu, serikali ikawachukua wote kwa karo ya 16,000, wengine hata ikawapeleka vyuo vya kibinafsi. Parallel ikakauka karibu kwa msimu mmoja. Vita dhidi ya wizi wa mitihani vilikuwa vya haki kabisa, lakini vilikata mshipa ambao vyuo vilikuwa vikinywea, na hakuna aliyeandaa mshipa mwingine. Chuo kikabaki na mishahara ya enzi ya neema na mapato ya enzi ya njaa.

Serikali iliona. Mwaka 2018 ikaanza kutumia hesabu ya gharama kwa kila kozi, kwani ni upuuzi kumfadhili anayesomea historia sawa na anayesomea udaktari wa meno. Ikaahidi kulipa asilimia 80 ya gharama hiyo. Kila bajeti ilipokuja, wanafunzi walikuwa wameongezeka na pesa hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Kufikia mwaka wa fedha wa 2022/23, mgao ulikuwa umeshuka chini ya nusu ya gharama.

Pengo hilo lilizibwa na nini? Na madeni, na mara nyingi kwa pesa za wafanyakazi wenyewe. Vyuo vilikata kodi, pensheni na akiba za sacco kutoka kwenye mishahara, kisha havikuzifikisha zinakotakiwa. Mhadhiri akienda kuomba mkopo kwenye sacco yake anakuta michango haipo. Egerton ilipitia kipindi ambacho wafanyakazi walipata sehemu tu ya mshahara. Pale Moi, masomo yalisimama kwa wiki nyingi kwa mgomo mwishoni mwa 2024. Madeni ya vyuo vikuu vya umma kwa jumla yalikuwa yamepita shilingi bilioni 60.

Madeni hayo ndiyo yaliyokuwa chini ya zulia Rais William Ruto alipotangaza mfumo mpya Mei 3, 2023. Wazo lake ni rahisi kulieleza. Serikali haitakitumia chuo fungu la jumla; pesa zitamfuata mwanafunzi aendako. Gharama kamili ya kozi itaandikwa wazi, kisha itagawanywa mara tatu: ufadhili wa serikali usiorudishwa, mkopo wa HELB, na mchango wa familia. Mwanzoni kulikuwa na makundi manne ya uhitaji. Mwaka 2024 yakawa bendi tano.

Hapa twende polepole, kwani hapa ndipo watu hupotea. Tuseme kozi inagharimu shilingi 200,000 kwa mwaka. Mwanafunzi wa bendi ya 1, ambaye familia yake inahesabiwa kupata hadi shilingi 5,995 kwa mwezi, anapewa ufadhili wa asilimia 70, mkopo wa 25, na familia inalipa 5. Yaani 140,000 za serikali, 50,000 za deni, 10,000 za nyumbani. Bendi ya 3, yenye kipato hadi 70,000 kwa mwezi, inafadhiliwa nusu: 100,000 za ufadhili, 60,000 za mkopo, 40,000 za mzazi. Bendi ya 5, wanaopita 120,000 kwa mwezi, wanapata ufadhili wa 60,000, mkopo wa 60,000, na mzazi anatafuta 80,000. Juu ya hapo kuna mkopo wa kujikimu: 60,000 kwa mwaka kwa bendi ya 1, ukishuka kwa elfu tano tano hadi 40,000 kwa bendi ya 5.

Ukiitazama hesabu hii vizuri utaona jambo ambalo mabishano ya redioni hayaligusi. Familia maskini kabisa inalipa 10,000 mkononi, chini ya ile 16,000 ya zamani. Kwa hiyo anayesema mfumo mpya umemwongezea maskini karo leo hajapiga hesabu. Lakini endelea. Mwanafunzi huyo akichukua kila alichopangiwa, kwa miaka minne atakuwa amekopa 200,000 za masomo na 240,000 za kujikimu, jumla 440,000. Wa bendi ya 5 naye akichukua kila kitu anafikia 400,000, na huyo mara nyingi hana haja ya kuchukua kila kitu. Chini ya mfumo wa zamani HELB haikuzidi 60,000 kwa mwaka, yaani 240,000 kwa kozi nzima. Maskini amepunguziwa mzigo wa leo na kuongezewa wa kesho. Deni hilo lina riba ya asilimia 4 kwa mwaka, linaanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na asiyelipa hutozwa faini ya 5,000 kila mwezi. Mama anayeuza omena pale Kibuye akiuliza kama "helbu" ni bure ama ni deni, anauliza swali la msingi kuliko yote, na mara nyingi hapati jibu la moja kwa moja.

Anayeumia mkononi leo ni wa katikati. Mwalimu wa shule ya msingi kule Malava ana hati ya mshahara na kila kitu chake kinaonekana. Jirani yake ana magari mawili ya kubeba miwa, hana hati yoyote, na kwenye fomu anajieleza kuwa mkulima mdogo. Chombo cha kupima uhitaji huuliza kipato, ukubwa wa familia, shule mtoto alikosoma, eneo analotoka, ulemavu na mengine ya namna hiyo. Ni maswali mazuri. Ila kipato cha huku kwetu hakiji kwa mwezi. Mvuvi wa Dunga ana wiki nzuri na wiki za kulala njaa. Mkulima wa miwa husubiri malipo hadi anasahau alivuna lini. Kuwapanga watu hawa kwa kiwango cha shilingi 23,670, ambacho ndicho mpaka kati ya bendi ya 2 na ya 3, ni kujidai una mizani ya dhahabu huku unapima mahindi. Na kosa la bendi moja si dogo: kwenye kozi yetu ya 200,000 linamtoa mzazi kutoka 20,000 hadi 40,000. Kwenye udaktari, ambao gharama yake vyuoni imetajwa kufika 612,000 kwa mwaka, bendi ya 5 ilikuwa inadaiwa 244,800. Mwaka 2024 barua za namna hiyo zilipofika majumbani, wazazi walipiga kelele, na walikuwa na haki.

Hata hivyo swali la gharama yenyewe bado lipo. Hata ukimpata mlipaji, kwa nini bili ni kubwa hivi?

Sababu ya kwanza ni ya kiuchumi na haiihusu Kenya peke yake. Wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, waliieleza mwaka 1966 wakitazama wanamuziki. Mtengenezaji wa viatu leo, kwa mashine, anatoa viatu vingi zaidi kwa saa moja kuliko babu yake. Kinyozi bado ananyoa kichwa kimoja kimoja. Lakini kinyozi naye analipa nyumba na chakula kwa bei za leo, kwa hiyo bei ya kunyoa lazima ipande ingawa kazi haijabadilika. Kufundisha ni kazi ya kinyozi. Kusahihisha tasnifu kunachukua muda ule ule kama kulivyochukua mwaka 1980, na mhadhiri aliyesoma hadi shahada ya uzamifu hatakubali mshahara wa 1980. Unaweza kubana kwa kujaza wanafunzi mia tano ukumbini, na vyuo vyetu vimefanya hivyo, lakini hapo unauza kitu kingine kwa jina lile lile. Kwenye mafunzo ya uuguzi au maabara ya kemia hata hilo haliwezekani.

Sababu ya pili ni yetu wenyewe. Hadi 2012 Kenya ilikuwa na vyuo vikuu vya umma saba. Kufikia mwanzoni mwa 2013, Rais Mwai Kibaki akikaribia kuondoka, vilikuwa 22, na viliendelea kuongezeka. Huku magharibi unaweza kupanda matatu Kisumu asubuhi, ukapita Maseno, ukazunguka Kaimosi, ukafika Kakamega kwenye Masinde Muliro, ukaendelea hadi Kibabii karibu na Bungoma, na kabla ya giza ukawa Alupe, Busia. Bado hujagusa Bondo, Rongo, Homa Bay wala Kisii. Kila kimoja kina naibu chansela, manaibu wake, msajili, baraza, magari na ofisi ya uhasibu. Kila kaunti ilitaka chuo, na siwezi kuilaumu. Chuo huleta nyumba za kupangisha, vibanda vya chakula, bodaboda, na mtoto wa kijiji anasoma akitokea nyumbani. Lakini nchi ililipa gharama za uongozi mara nyingi kabla ya kumlipa mhadhiri mmoja wa ziada. Na mfumo wa pesa kumfuata mwanafunzi unavibana vyuo vidogo kuliko vyote: wanafunzi wakikimbilia Nairobi na Juja, pesa nazo huhama, huku mishahara ya waliobaki ikidaiwa ile ile.

Vyuo vya kibinafsi kama Kabarak vina hadithi yao. Havipati mgao wa kawaida wa Hazina, kwa hiyo karo yao imekuwa karibu na gharama halisi tangu mwanzo. Serikali ilipowapelekea wanafunzi kuanzia 2016, ilibaki na deni la mabilioni kwao pia. Chini ya mfumo mpya anayekwenda huko anaweza kuomba mkopo, ufadhili hapana.

Wengine hudhani bendi zikirekebishwa mambo yatatulia. Mimi sidhani. Ufadhili ulioandikwa kwenye barua ya mwanafunzi ni ahadi ya Hazina ya Taifa. Bajeti isipotenga pesa za kutosha kwa idadi ya walioingia, au zikitengwa kisha zikachelewa, chuo kinabaki na karatasi. Na idadi haishuki: waliopata C+ na zaidi walikuwa 173,345 katika KCSE ya 2022, wakawa 201,133 mwaka 2023, na 246,391 mwaka 2024. Ugonjwa ulioiua hesabu ya 1995 na ile ya 2018 ulikuwa huo huo, ahadi kubwa kuliko mfuko. Mfumo wa tatu unaweza kuambukizwa vilevile, hata chombo cha kupima uhitaji kikiwa hakikosei mtu mmoja.

Mahakama nayo imeingia. Desemba 20, 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu alitangaza kwamba mfumo huo unakiuka Katiba, katika kesi iliyoletwa na watetezi wa haki na wa elimu. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha utekelezaji wa hukumu hiyo, mfumo ukaendelea. Mwaka huo huo serikali ikatangaza kupunguza karo ambazo familia zinalipa. Nafuu hiyo ni ya kweli kwa mzazi, lakini gharama ya kozi haikupungua kwa tangazo. Kila shilingi ambayo mzazi hatoi lazima itoke Hazina, ama irudi kwenye lile pengo ambalo kwa miaka lilizibwa na pensheni za wafanyakazi.

Kuna pesa nyingine ambayo haimo kwenye bendi yoyote. Vitanda vya hosteli ni vichache, na wengi huishi nje: Njokerio kwa wa Egerton, Lurambi kwa wa Masinde Muliro. Ule mkopo wa kujikimu wa bendi ya 1 ni 30,000 kwa muhula, kama 7,500 kwa mwezi kwa muhula wa miezi minne, na huo ndio wa kodi, chakula, nauli na kuchapisha kazi za darasani. Mara nyingi hufika muhula ukiwa umeshaanza. Wiki hizo za kwanza zinabebwa na mzazi, kikundi cha akina mama, au mwenye duka anayeandika kwenye daftari. Basari za kaunti na za eneo bunge husaidia, ila hutolewa kwa vipande vidogo ili zigawike kwa wengi, na kuzipata kunahitaji fomu, chifu na kujuana.

Mzazi mwenye barua mkononi sasa hivi aangalie mambo machache. Kwanza, ufadhili na mkopo havijileti. Mwanafunzi lazima aviombe kwenye mtandao, kwa nambari ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake, na asiyeomba hudaiwa gharama nzima kana kwamba hana bendi. Pili, tofautisha kwenye barua mistari mitatu: gharama ya kozi, kiasi cha familia, na ada za chuo kama usajili, matibabu na chama cha wanafunzi, ambazo ufadhili hauzigusi. Tatu, bendi ikionekana kuwa ya ajabu, ombeni ipitiwe upya mapema na kwa ushahidi, kwa sababu kufikia wiki ya mitihani ofisi ya fedha haitauliza bendi ilikosewa na nani. Itaangalia salio.